Nani Aliuchovya Upanga

Kihonda, Morogoro
Jumatano, 17 Januari 2024, saa nne asubuhi

Kwa bibi yangu na mke mwenzangu, Mwanvita,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mume wetu mzee Rehani naye mzima, anafua majembe na kugombana na kuku wako. Mimi sijambo. Mama kule Gairo nilizungumza naye juzi, anasema karanga zimeota vizuri ila panya wamezidi, na anawasalimu sana. Nampa Yakobo, dereva wa gari la Noah, barua hii aje nayo Kinole, kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwisho wa mwaka. Kama umeiangusha mtoni tena, sema tu, sitamwambia mama.

Bibi, kuna jambo nataka umuulize mume wetu. Unaujua ule mchezo wa kwenye simu ninaoutengeneza na wenzangu wawili, Brian na Stella, baada ya saa za kazi. Mchezaji ni shujaa anayepanda milima kama yetu kwenda kuwakomboa watu wake, na mkononi ana upanga. Akishinda pambano, upanga unapanda daraja. Madaraja aliyapanga Brian: kwanza wa chuma, halafu wa fedha, halafu wa dhahabu, mwisho wa almasi, unatoa mwanga kama taa ya bajaji. Nikamwambia mjukuu wa mhunzi hawezi kuweka jina lake kwenye upanga wa dhahabu. Akasema, "Basi lete wa kwako. Mwisho wa Machi tunawapa vijana wajaribu michezo miwili, wenye upanga wangu na wenye wako, wao ndio watachagua." Stella akaiandika tarehe ukutani kwa kalamu isiyofutika.

Kwa hiyo niulizie. Upanga wa kweli unaanza na chuma gani? Na ukitaka uwe bora kuliko ulivyo, unafanya nini, hatua kwa hatua? Aniambie kama anavyomwambia mteja mbishi.

Mjukuu wako mtiifu kuliko wote,
Shamsia


Kinole
2 Februari 2024

Mke mwenzangu Shamsia,

Marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Simu haikuangukia mtoni. Iliangukia kwenye sufuria ya maharage, na maharage yaliiva vizuri tu. Mdalasini tumeuanua mapema kwa kuwa mvua ya mwaka huu haieleweki. Mwalimu Witness, jirani yetu, amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mnadi samaki. Jogoo mwekundu ameliwa na kicheche.

Nimemsomea mume wetu barua yako, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Naandika kama anavyosema.

Anasema dhahabu ni ya masikioni. Ukimpiga mtu kwa upanga wa dhahabu, unajikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na mtu mwenyewe anabaki amesimama, tena sasa amekasirika. Almasi ni jiwe, na jiwe halifuliwi. Nondo ni ya kushika zege. Ukiitia makali asubuhi, adhuhuri yameshaaga. Tafuta springi ya lori, iliyobeba mizigo miaka mingi, ikakunjwa na kunyooka na isivunjike. Hicho ndicho chuma chenye tabia.

Ukishaufua ukapata umbo, utie kwenye makaa mpaka uive. Kuiva kwake usikupime kwa macho peke yake. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Sumaku ikiacha kuuvuta, umeiva. Uchovye kwenye mafuta machafu ya gari. Ukiuchovya kwenye maji utapasuka, na utajilaumu mwenyewe. Ukitoka kwenye mafuta ni mgumu kama kioo, na kama kioo, ukianguka ndio basi. Kwa hiyo unaurudishia moto mdogo, unatazama rangi zinavyotembea juu yake: kwanza ganda la kitunguu, halafu zambarau, halafu buluu ya shingo ya njiwa. Ukiusimamisha kwenye kitunguu, makali yanadumu lakini usiupige kwenye jiwe. Ukiuacha ufike kwenye njiwa, utapinda na kurudi, ila utaunoa kila siku. Vyote viwili hupati. Anayekuahidi vyote ana bidhaa imemwozea.

Na hatua ya mwisho, ambayo wahunzi hawawaambii watu: upanga unapakwa mate ya mama mkwe. Bila hayo kazi yote ni bure.

Angeandika mwenyewe ila ana shughuli nyingi.

Halafu, mke mwenzangu, uliandika Jumatano saa nne asubuhi. Ofisi yenu siku hizi inafunguliwa saa ngapi?

Mimi bibi yako,
Mwanvita binti Said


Kihonda
13 Februari 2024

Kwa bibi anayehesabu saa za watu,

Shikamoo. Poleni na jogoo. Mpe Mwalimu Witness hongera zangu. Huku mjini joto limetukausha, milima yenu tunaitazama tu ikijifunika mawingu kama bibi harusi. Ofisini wote wazima, nashukuru kwa kuwaulizia.

Mwambie mume wetu maneno yake yote nimeyaingiza. Kwenye mchezo wangu madaraja yamekufa. Sasa mchezaji anaokota chuma mwenyewe, nondo au springi, anachagua maji au mafuta, halafu anakaa mbele ya moto akitazama rangi, na anapaswa kugusa kioo pale anapotaka zisimame. Akisinzia kidogo, kitunguu kimepita. Brian alijaribu wa kwanza. Akachagua maji, kwa haraka zake. Upanga ukasema "tii", akaenda kukutana na adui ameshika mpini mtupu. Stella alicheka mpaka akatoka nje.

Mate ya mama mkwe nayo nimeyaweka. Mchezaji anapanda mpaka kwa mama mkwe, anamchotea maji, anampasulia kuni, anaambiwa kuni ni mbichi, anaambiwa mwenzake aliyemwoa mdogo mtu ana adabu kuliko yeye, na akivumilia yote ndipo anatemewa.

Sasa wenzangu wanataka kuja. Wanataka kurekodi sauti za kweli za kibanda cha mhunzi, nyundo, mivukuto, chuma kinapoingia kwenye mafuta. Tutapanda Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Nimewaahidi kwamba babu atatufulia upanga mmoja mbele ya kamera. Usiniangushe, bibi.

Wako,
Shamsia


Kinole
21 Machi 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kunifikia, nami nikachelewa kuijibu, tuseme tumelingana. Ramadhani inakwenda, mihogo ipo, tende alituletea Yakobo. Mtoto wa Witness sasa analia kwa zamu, usiku kwao na mchana kwangu.

Jambo la kuja kwenu limekuwa gumu. Kwanza daraja limeondoka na mvua. Pili mume wetu amefunga, na aliyefunga hawezi kukaa mbele ya makaa. Tatu jino lake la mbele limetoka, hataki kupigwa picha. Nne nyumba ina wageni. Ukitaka ya tano niambie, nitaitafuta.

Ila sikukuacha mikono mitupu. Nimemkabidhi Yakobo upanga, nimeuvingirisha kwenye mkeka. Springi imetoka kwenye lori lililolala korongoni nyuma ya shamba la Nasibu tangu mwaka juzi. Haukupasuka mahali popote. Nilipouchovya kwenye mafuta ulitoa mlio mmoja tu ukanyamaza, na nilipourudishia moto niliukamata kwenye kitunguu kinachoanza kuonja zambarau. Mpini ni wa mti wa mpera. Waache wenzako waushike, wajue uzito wake.

Ofisini wote wazima, nimesikia. Na mama yako amesikia?

Bibi yako,
Mwanvita


Kihonda
28 Machi 2024

Kwa mke mwenzangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mama hajambo, amewashinda panya, amefuga paka watatu.

Upanga umefika. Yakobo aliubeba kama amebeba mtoto wa watu. Tuliupima kwenye mizani ya duka la mangi, gramu mia tisa. Kwenye mchezo tulikuwa tumeandika kilo tatu na nusu. Brian aliushika, akaupunga mara moja hewani, halafu akaenda kwenye kompyuta akafuta zile kilo bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi vijana ishirini na wawili walijaribu michezo yote miwili. Kumi na saba wamechagua wangu. Nisikufiche, wengi wao walikaa kwa mama mkwe muda mrefu kuliko vitani. Mmoja alimaliza kuni zote za msitu akijaribu kusifiwa.

Sasa bibi, chukua barua yako ya mwisho uisome. Au nikusomee. "Nilipouchovya." Halafu: "Nilipourudishia moto niliukamata." Hakuna "alipouchovya", hakuna "anasema mume wetu". Na kwenye kona ya karatasi kuna alama ya kidole gumba cha masizi. Ni kidogo. Kidole cha babu kingefunika kona nzima.

Nani aliuchovya upanga?

Najua hutasema mpaka nami niseme, kwa hiyo natangulia. Kazi ya ofisini niliiacha tarehe tano Januari. Sikufukuzwa. Niliamka asubuhi, nikavaa, nikafika getini, nikageuka. Mchezo huu ndio nafanya, asubuhi mpaka jioni. Mama hajui. Kila Jumapili ananiuliza kazi inaendeleaje, namjibu inaendelea. Na kweli inaendelea, ila wanaifanya wengine.

Zamu yako.

Shamsia


Kinole
14 Aprili 2024

Shamsia mjukuu wangu,

Idi imepita salama, nyama ilitosha, tumevaa nguo za mwaka jana na tumependeza. Wewe ni mtoto wa Zuhura binti yangu kweli. Yeye naye alikuwa hawezi kuona sufuria imefunikwa.

Ni mimi niliyeuchovya.

Babu yako alianguka mwezi wa kumi na moja, asubuhi, nyundo ikiwa mkononi. Nilidhani ameteleza. Kumbe ni kiharusi. Tulimteremsha hospitali, akalazwa siku nane, wakanirudishia akiwa hai, nami sina la kumlaumu Mungu. Lakini mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kichwa ni kilekile. Anakumbuka mpaka matusi aliyotukanwa mwaka sabini na nane, na aliyemtukana alivaa nini.

Yeye ndiye aliyenikataza nisiseme. Mama yako akijua atakuja kumchukua, akamweke kwenye kochi Gairo atazame ukuta. Alinivuta khanga, ikamchukua muda mrefu kusema: "Mwanvita, nisitoke hapa." Basi nikafunga mdomo.

Lakini majembe ya watu yalikuwa yamelala nusunusu. Siku moja mtu akaja na shoka lake, akakaa nje kusubiri. Nikaingia kibandani nikafunga mlango. Miaka arobaini nimemvutia babu yako mivukuto, nimeona kila kitu isipokuwa uzito wa nyundo. Siku ile niliipiga fuawe iliyo chini ya chuma kuliko nilivyokipiga chuma chenyewe. Yeye amekaa kwenye gunia anatikisa kichwa. Nikamwambia, "Tikisa tu, si ndicho kinachotikisika." Akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke.

Watu wa hapa wanaamini mwanamke akishika nyundo ya mhunzi, chuma kinakataa moto. Maneno hayo aliyatunga babu yako mwenyewe ujanani, ili nisimfuate kibandani siku alizojificha kucheza bao. Sasa yamemrudia. Nafua mlango umefungwa, kazi ikiisha natoka nayo nasema, "Mzee amemaliza." Wanamsifu. Fundi Abeid, mhunzi mwenzake wa Mkuyuni, alilikagua panga langu, akasema mzee siku hizi anafua vizuri kuliko zamani. Babu yako hakula mchana siku hiyo.

Ile ya mate ya mama mkwe nilikuwa nakutania. Umeshaiweka, iache.

Kuhusu ofisi, mwambie mama yako kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Najua ninayekupa ushauri huu ni nani. Mwambie hivyohivyo.

Bibi yako


Kihonda
6 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo, na shikamoo ya babu umpe mkononi, ule wa kulia.

Nililia, nikafika kwenye habari ya Fundi Abeid nikacheka, nikarudi kulia. Nilitaka kupanda siku hiyohiyo. Yakobo akaniambia magari hayafiki, daraja limeondoka. Machi ulipoandika kwamba limeondoka lilikuwepo, nilimuuliza. Ulilisema mpaka likasikia. Barua hii na mzigo wake vitaletwa kwa miguu kutoka pale gari linapoishia.

Mama nimemwambia. Alikata simu. Baada ya dakika kumi akapiga tena, akauliza kama huo mchezo ndio unaowafanya watoto wa Gairo wasisikie wanapoitwa. Nikamwambia bado, lakini tunajitahidi. Akasema nile vizuri. Habari ya babu sikugusa, hiyo ni ya kwako. Lakini bibi, mimi nilikugundua kwa herufi mbili, na mama ana akili kuliko mimi.

Mzigo ni simu yangu ya zamani. Mchezo umo ndani. Utamkuta mhunzi wa kijiji, ambaye zamani alikuwa mzee mwenye ndevu. Nimemwondoa. Sasa ni mama wa makamo aliyejifunga khanga kiunoni, mikono yake mifupi, ana maneno makali. Brian aliuliza kwa nini. Stella akamjibu, "Wewe uliyechovya kwenye maji unauliza nini?" Kama hutaki, niambie nimbadilishe.

Mwezi wa sita tutakuwa Dar, tumeitwa kwenye maonyesho tuuonyeshe mchezo. Tukirudi napanda, daraja liwepo lisiwepo.

Shamsia


Kinole
23 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba. Idi ya kuchinja imepita, daraja limerudi, mtoto wa Witness ameota meno mawili na ameng'ata wote. Simu tunaichaji kwa sola ya mama yake.

Huyo mama wa kwenye mchezo mwache. Ila kiuno chake ni cha uongo.

Nimekufa mara kumi na nne. Mara tisa kati ya hizo ni yule nguruwe aliyesimama darajani. Babu yako alikuwa ananitazama, akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu. Hajairudisha. Anafua, upanga unavunjika, anafua. Mchana mmoja nilimsikia anamtukana mama mkwe wa watu.

Ya mama yako. Nilimpigia kwa simu ya Witness, nikamwambia yote mpaka salio likaisha. Siku ya pili ya Idi akafika na gari la kukodi, godoro limefungwa juu. Hakunisalimu. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akasema, "Baba, jiandae, tunaondoka."

Babu yako hakuinua macho kwenye simu. Akasema, "Ngoja. Chuma kiko motoni."

Zuhura akakaa kungoja. Kitunguu kikampita mzee, akaanza upya. Ukapasuka, akaanza upya. Dereva alikula, akalala, akaamka akauliza kama bado. Mimi nilikuwa kibandani na jembe la mtu. Mama yako akaja akausukuma mlango, akanikuta nimeinua nyundo.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu shoka la yule bwana."

Akaingia. Halafu akaniambia taratibu, "Baba anashikilia simu kwa vidole vya mkono wa kulia. Mwenyewe hajui. Nimeogopa kumwambia asije akaacha." Akafuta macho kwa mtandio, akachuchumaa kwenye mivukuto akaanza kuvuta. Hajasahau. Gari likateremka tupu, godoro likabaki. Amekaa nasi siku nne, na kila mwisho wa mwezi atakuja kumpeleka hospitali akanyooshwe mkono, kisha atamrudisha. Kochi halikutajwa.

Mlango wa kibanda nao haukufungwa tena tangu siku hiyo. Fundi Abeid alipita, akasimama, akanitazama nikimaliza jembe zima. Akasema, "Kumbe." Hajasema lingine mpaka leo.

Bibi yako,
Mhunzi


Kinole
4 Julai 2024

Mke wangu mdogo Shamsia,

Sijambo. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto. Nimeanza Jumatatu, leo Alhamisi. Bibi yako yuko kibandani, hajui kama naandika.

Upanga wa mwisho nimeufua. Nguruwe amekufa. Mwambie Brian asikate tamaa.

Sauti ya nyundo yenu si sauti ya nyundo. Ni mtu anapiga sufuria. Njooni na vyombo vyenu mrekodi. Jino langu la mbele lipo, aliyesema limetoka ni muongo. Mimi nitakaa pembeni. Mpigeni picha yeye.

Yule mama mhunzi mliyemweka nimemtazama sana. Mikono mmeipatia. Lakini kuna kitu mmekisahau. Mchezaji anaondoka kwenda vitani, anapigana, anarudi, anamkuta mama wa watu amesimama palepale. Kutwa nzima. Mwekeeni kigoda, karibu na mivukuto, mahali moshi haufiki. Hatakikalia. Namjua. Atasema bado kidogo.

Lakini kiwepo.

Mume wenu,
Rehani